Msimsikilize kwa Huruma: Dinu Lipatti, Besançon, 16 Septemba 1950

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi alasiri mbele ya wapiga vinanda wa kwaya na wanafunzi wa piano waliokusanyika Dar es Salaam kusikiliza rekodi moja ya zamani. Mvua iliwazuia wengi, wakaomba niyaandike. Nayaweka yote kama yalivyosemwa.

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, poleni na mvua, poleni na foleni. Na ninyi vijana mliokuja na madaftari yenu ya nota, sogeeni mbele huku, viti vipo.

Leo ninazungumza juu ya rekodi moja. Moja tu. Ilinaswa na redio ya Ufaransa tarehe 16 Septemba 1950, katika mji wa Besançon, mashariki mwa nchi ile, si mbali na mpaka wa Uswisi. Mji huo ulikuwa na tamasha la muziki lililoanzishwa miaka miwili tu kabla, mwaka 1948. Aliyeketi kwenye piano jioni ile alikuwa Mromania aitwaye Dinu Lipatti, mzaliwa wa Bucharest, umri wake miaka 33.

Hadithi yenyewe nitaisema haraka, kwa sababu wengi mnaijua na kwa sababu ndiyo ninayotaka tuiweke pembeni. Lipatti alikuwa mgonjwa. Alikuwa na saratani ya limfu, ile inayoitwa Hodgkin. Daktari wake alimsihi asiende kupiga. Yeye akasema ameahidi, na aliyeahidi lazima apige. Akaenda. Akapiga Bach, akapiga Mozart, akapiga Schubert, akaanza walzi 14 za Chopin. Akapiga 13. Ya 14 ikamshinda, nguvu zilikuwa zimekwisha. Baada ya wiki 11 kamili, tarehe 2 Desemba 1950, akafariki dunia mjini Geneva.

Hiyo ndiyo hadithi. Ni ya kweli, inauma, na kila mahali rekodi hii inapotajwa, yenyewe ndiyo inayotangulia. Nami nauliza: je, tukishaisikia hadithi, bado tunausikia muziki?

Mwalimu wangu wa kwanza wa piano alikuwa na kaseti ya rekodi hii, kaseti ya kunakili, imeandikwa kwa wino mwekundu. Kabla ya kubonyeza kitufe alinikalisha chini akanisimulia yote: ugonjwa, daktari, ahadi, walzi iliyokosekana. Halafu akaiwasha. Nililia. Nililia tangu nota ya kwanza hadi kaseti ilipokwisha, nikaenda nyumbani nikamwambia mama yangu kwamba leo nimesikia muziki mkubwa kuliko wote.

Sasa niwaulize, ndugu zangu: nilisikia nini siku ile? Kama mtu angenisimamisha njiani akaniuliza mkono wa kushoto ulikuwa ukifanya nini kwenye Mozart, ningemjibu nini? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehudhuria msiba. Nilimlilia kijana aliyekufa, na machozi yale yalikuwa ya haki, lakini masikio yangu yalikuwa yamefungwa.

Tunajua adabu ya msiba. Marehemu husifiwa, na husifiwa kwa yote, hata kwa yale ambayo jana tulimnung'unikia. Hatukosei kufanya hivyo. Lakini rekodi si matanga. Na Lipatti, kwa kazi aliyoifanya, anastahili kitu kikubwa zaidi ya pole zetu. Anastahili kusikilizwa.

Ilipita miaka mingi kabla sijamsikia. Nilikuwa jikoni kwa watu, nakatakata mchicha, na sebuleni mtu akaweka walzi. Sikujua ni rekodi gani. Nilichosikia kwanza ni besi. Mnajua walzi ni dansi ya mapigo matatu: mkono wa kushoto unashuka kwenye nota moja ya chini, kisha unapanda kugusa nota mbili nyepesi. Bom-ta-ta. Mpigaji wa kawaida huyapiga matatu yote kwa uzito mmoja kama mtu anayetwanga. Huyu wa sebuleni aliweka mguu chini kwenye pigo la kwanza, pigo la pili likaelea, la tatu likawa kama pumzi inayovutwa kabla ya hatua inayofuata. Mtu angeweza kuinuka akacheza. Juu ya besi ile mkono wa kulia ulikuwa unachelewa kidogo, unawahi kidogo, na besi haikuyumba hata mara moja. Niliweka kisu chini nikaenda mlangoni kuuliza, nani huyo anayepiga?

Wakaniambia: Lipatti, Besançon.

Ndugu zangu, niliona aibu, kisha nikafurahi sana. Ile kaseti niliyoililia ilikuwa na besi namna ile ndani yake miaka yote, nami sikuwahi kuisikia.

Kwa hiyo leo nataka niwaonyeshe mahali pa kuweka sikio.

Mahali pa kwanza ni kabla ya muziki wenyewe kuanza. Kabla ya Bach, Lipatti anapandisha nota za B-flati zikiachana moja moja, kutoka chini kwenda juu. Hazimo kwenye karatasi. Bach hakuziandika. Ninyi mnaopigia kwaya mnalijua jambo hili vizuri: kabla kwaya haijaimba, mnatoa doh. Mnawapa waimbaji mahali pa kusimama. Wapiga piano wa karne ya 19 walikuwa na desturi hiyo ukumbini, kugusa nota chache kabla ya kipande, kujaribu funguo, kuliita sikio la msikilizaji. Baadaye desturi ikafifia. Lipatti aliishika.

Mimi ninaposikia nota zile nasikia hodi. Mgeni mstaarabu haingii nyumbani kwa watu bila kubisha. Hapa anaingia nyumbani kwa Bach, mbele ya ukumbi uliojaa, naye anabisha hodi kwa sauti ya B-flati, anasubiri kidogo, halafu anaingia. Zipo nakala za rekodi zinazoikata sehemu hiyo ili zianze moja kwa moja na Bach. Nasema kwa moyo wote: msinunue nakala hizo. Aliyezikata alidhani anaondoa takataka, kumbe ameondoa mlango.

Na nyumba yenyewe ni ipi? Ni partita ya kwanza ya Bach, yaani mfululizo wa dansi, ya B-flati meja. Bach aliitoa kwa chapa mwaka 1726, ya kwanza kati ya sita, na nakala moja aliipeleka na shairi kwa mtoto mchanga wa mtawala wa Köthen. Kwa hiyo hata Bach mwenyewe aliileta kama mtu anayekwenda kuona mtoto. Ni muziki wa asubuhi. Hauna kifo ndani yake hata punje. Msikilize dansi ya mwisho, ile giga: mkono wa kulia unabaki katikati ukizungusha nota tatu tatu, na wa kushoto unaruka juu yake, unapiga chini, unaruka, unapiga juu, unarudi. Mkifumba macho mtadhani kuna mikono mitatu. Wanafunzi wangu wote wanaoijaribu huanza kwa kugonganisha viwiko. Lipatti anairusha bila kukaza sauti, kila nota ina nafasi yake, na ule mruko wa mkono wa kushoto unasikika kama mtu anayeuliza na kujijibu mwenyewe.

Huyo ni mtu anayekufa? Hapana, huyo ni mtu anayefanya kazi. Ugonjwa ulikuwa mwilini mwake, sikatai. Lakini kwenye giga ile sikio langu halioni alama yake.

Nisogee kwa Mozart, kwa sababu hapo tunakuta mtego ule ule mara ya pili. Sonata aliyoipiga Lipatti ni ya A maina, namba 310 katika orodha ya kazi za Mozart. Iliandikwa Paris mwaka 1778. Na mwaka huo huo, mjini humo humo, tarehe 3 Julai, mama yake Mozart alifariki. Mnaona? Papo hapo tunajua la kusema: sonata hii ni kilio cha mtoto kwa mama yake. Labda ni hivyo. Lakini angalieni kilichoandikwa. Mwanzoni mkono wa kushoto unapiga nota nyingi kwa pamoja, unazirudia, unazirudia, hauachi, na juu yake mkono wa kulia unaimba wimbo wenye mwendo wa askari. Mozart aliandika hapo kwamba ipigwe kwa haraka na kwa fahari. Fahari! Neno hilo amelichagua mwenyewe.

Mpigaji aliyejaa huruma huzilaza nota zile, huzivuta, hulia badala ya Mozart. Lipatti hazivuti. Mkono wa kushoto unabaki pale pale, kama mtu aliyesimama wima mlangoni. Huzuni ikija, na inakuja, inatoka kwenye nota zinazogongana, haitoki kwa mpigaji anayezipaka. Niliwahi kuipiga sonata hii ukumbini, nikiwa kijana, nikaipiga kwa machozi. Watu walinipongeza. Nimeisikiliza baadaye rekodi ya siku ile, na ninachosikia ni mapigo yanayoyumba na wimbo uliozama. Machozi yangu yaliufunika uso wa Mozart.

Kwa Schubert sitakaa sana, ingawa ninakipenda kipande hiki kupita kiasi. Ni ile Impromptu ya G-flati, ya mwaka 1827. Ina bemoli sita, zile alama za kushusha nota, na mchapishaji aliyeitoa mwaka 1857, Schubert akiwa kaburini tangu 1828, aliihamisha kwenye G ya kawaida kwa hofu kwamba wanunuzi wangezikimbia bemoli hizo. Ninyi wa kwaya nitawaeleza kwa lugha yenu: mkono wa kulia umepewa sauti ya kwanza na sauti za kati kwa pamoja. Sauti za kati zinatiririka bila kukoma, na sauti ya kwanza, yaani wimbo, imekabidhiwa vidole viwili vya mwisho, vile dhaifu kuliko vyote. Kidole kidogo ndicho solo! Jaribuni kesho kwenye vinanda vyenu muone. Kwa Lipatti wimbo unasimama peke yake juu ya maji, na maji hayanyamazi, wala hayapandi kuuzamisha.

Sasa tuje kwenye walzi.

Hazikupigwa kwa mpangilio wa kitabu. Lipatti alikuwa na mpangilio wake. Alianza na ile kubwa ya A-flati, opasi 42, yaani namba yake katika orodha ya kazi za Chopin, akazipitia zote kwa njia aliyoichagua, ya maina ikifuata ya meja, fupi ikiipumzisha ndefu, hadi kufikia A-flati nyingine, opasi 34 namba 1. Yaani alitoka A-flati akazunguka mji mzima akapanga kurudi A-flati. Na huo ndio mlango ambao hakuufikia.

Lakini kuna jambo la maana kwetu. Miezi miwili kabla, Julai 1950, kampuni ya santuri ilimfuata Geneva. Dawa mpya ya wakati ule, kotisoni, ilikuwa imempa nafuu, na mtayarishaji Walter Legge akaitumia nafasi hiyo: kwa siku chache, katika studio ya redio ya Geneva, Lipatti akarekodi walzi zote 14, partita ile ile, na sonata ile ile ya Mozart. Kwa hiyo tunazo zote mbili, ya Julai na ya Septemba. Tunaweza kuziweka bega kwa bega. Na mtu mwaminifu akiziweka bega kwa bega atakiri kwamba rekodi ya Julai ndiyo safi zaidi, sauti yake ni bora, na kazi imetulia.

Basi kwa nini mimi hurudi Besançon? Nimejiuliza sana, nikiogopa kwamba ni ile huruma imeingia tena kwa mlango wa nyuma. Jibu langu ni hili. Julai anapiga mbele ya kinasa sauti. Septemba anapiga mbele ya watu. Kwenye walzi za Septemba anathubutu zaidi: mahali ambapo Julai aligeuza kona kwa uangalifu, Septemba anaikata kona, kwa sababu kuna watu wa kuambatana naye. Kila aliyewahi kupigia ibada anajua tofauti kati ya Ijumaa ya mazoezi na Jumapili yenyewe. Nota ni zile zile. Vidole ni vile vile. Ila Jumapili kuna pumzi za watu, nawe unapiga ukizisikia.

Na msidhani uthubutu ule ulitoka hewani. Legge alisimulia kwamba alipomwomba Lipatti arekodi koncherto ya Tchaikovsky, yaani kipande cha piano na okestra, alijibiwa kwamba ingehitaji miaka mitatu ya kujiandaa. Kwa ile ya tano ya Beethoven, miaka minne. Vijana, nimesema miaka. Siku hizi mtu ananiletea wimbo Alhamisi anataka kuupiga Jumapili. Lipatti hakuwa mzito wa vidole. Alitaka kila nota ijue kwa nini iko pale. Ndiyo sababu mwili ulipomwacha, kazi haikumwacha.

Mtaniuliza: mwalimu, una ushahidi gani kwamba huruma huziba masikio? Ninao, na ni ushahidi mkubwa.

Mwaka 1966 ilitolewa santuri ya koncherto ya E maina ya Chopin, ikiwa na jina la Lipatti. Ilidaiwa kuwa imepatikana baada ya kifo chake. Fikirieni furaha ya watu! Marehemu amerudi na zawadi. Ikanunuliwa, ikapendwa, ikasifiwa. Miaka 15 ikapita. Mwaka 1981, baada ya kutangazwa redioni Uingereza, ikabainika kwamba aliyekuwa anapiga si Lipatti. Alikuwa Halina Czerny-Stefańska, mpiga piano wa Poland, mmoja wa washindi wawili wa kwanza wa mashindano ya Chopin ya Warsaw mwaka 1949. Ilikuwa rekodi yake aliyoifanya na okestra ya Prague, na ilikuwa imeshauzwa zamani kwa jina lake mwenyewe.

Miaka 15! Na mama huyo alikuwa hai muda wote huo. Alikuwa anapiga, anafundisha, anapanda jukwaani. Kazi yake ilipobeba jina lake ilipita kama kazi nzuri mojawapo. Ilipobeba jina la marehemu, watu walisikia ndani yake utakatifu. Walisikia nini? Walisikia ile hadithi. Mimi na kaseti yangu ya wino mwekundu tulikuwa kundi moja nao.

Lipatti wa kweli kwenye koncherto ile alipatikana baadaye, kwenye rekodi ya Zürich ya Februari 1950 chini ya kiongozi wa okestra Otto Ackermann. Lakini kinachonikera hadi leo si kwamba watu walikosea jina. Kinachonikera ni kwamba tuliwakosea wote wawili. Yule mama tulimnyang'anya kazi yake. Na Lipatti tulimpenda kwa namna ambayo mtu yeyote angeweza kukalia kiti chake tusitambue.

Ndiyo maana nawasihi. Mjueni kwa mikono yake. Mjue besi yake inavyokanyaga na kuinuka. Mjue anavyobisha hodi. Mjue kidole chake kidogo kinavyoimba. Mkimjua hivyo, hakuna atakayewauzia mtu mwingine kwa jina lake.

Nimebakiza neno moja kuhusu walzi ya 14. Alipoona hawezi, Lipatti aliondoka jukwaani. Kisha akarudi. Hakurudi kuijaribu tena. Aliketi akapiga korali ya Bach kutoka kantata ya 147, ile ya Yesu kubaki kuwa furaha yangu, kwa mpangilio wa piano wa mpiga piano Myra Hess. Wengi wenu mmeipiga arusini. Rekodi tunayoisikiliza haina kipande hicho. Inaishia kwenye walzi ya 13. Watu waliokuwa ukumbini Besançon waliisikia korali ile, wakaondoka nayo.

Mimi nilikuwa nimefikiria niwapigie korali hiyo hapa leo, mwisho wa rekodi, ili kujaza. Piano ipo, na nimeifanyia mazoezi. Usiku wa jana nikabadili mawazo. Itakapokwisha walzi ya 13 tutakaa kimya kadiri tutakavyopenda, kisha tutakunywa chai.

Zimeni simu, tafadhali. Wenye nota fungueni, wasio nazo mtaangalia za jirani. Na wewe ndugu yangu wa mitambo, anzia mwanzo kabisa, usiziruke zile nota za hodi.